Shibiri ya Nani

Miraba tisa ilitandazwa sakafuni, na minne kati yake ikakataa kukaa na mingine. Mitano ilikuwa imetulia pembe kwa pembe. Hiyo minne ilizidi kila upande kwa vidole vinne, ikawa inapanda juu ya jirani zake kama watu wanaogombea benchi. Mama alivua viatu, akasimama katikati ya mraba mmoja mkubwa, akageuka huku na huku kama anayekagua kiwanja. Kisha akamuuliza wifi yangu kama alikuwa amepewa oda ya kumfunika ng'ombe.

Mimi ndiye niliyecheka kwanza. Mama Pasi, mwanamke mnene aliyekuwa akipiga pasi pale kiwandani tangu nikiwa mtoto, akafuata kwa kuwa alikuwa na desturi ya kumfuata yeyote anayecheka. Washonaji wawili wa cherehani wakafuata baada yake. Wifi hakucheka wala hakulia. Aliinama, akaushika ukingo wa mraba wake, akaupima kwa mkono wa kuume, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mara moja, mara mbili, mara tatu. Ikatimia kamili. Aliinua uso akaniangalia, nami nikajitia kuokota pini.

Kiwanda chetu, kama chumba na baraza vyaweza kuitwa kiwanda, kilikuwa kikishona mifarishi, yale mashuka mazito ya vipande vilivyoungwa, yenye pamba katikati na bitana chini. Ulikuwa mfarishi wa harusi, tatu kwa tatu, kila mraba nyota moja kubwa yenye ncha nane. Mitano tuliishona sisi chumba cha mbele. Minne alipewa wifi, akaishona peke yake chumba cha nyuma. Mraba wa nyota haupunguzwi. Ukikata ukingo umezikata ncha, na nyota isiyo na ncha ni doa tu.

Sasa lazima niseme habari za mkono wa mama. Mama hakuwahi kumiliki futi ya kupimia. Aliichukia kama anavyoichukia miwani hadi leo. Alikuwa akisema futi ni ya mafundi wasioviamini viungo vyao. Kila kitu alikipima kwa shibiri yake, na mkono wake ni mdogo, wa kitoto, ndiyo maana mtaani walimwita Bi Shibiri asipokuwapo. Lakini hata yeye alijua kwamba mikono haifanani. Kwa hiyo kila anayeingia kiwandani hukatiwa kipande cha utepe mweupe chenye urefu wa shibiri ya mama, sawasawa, bila kuzidi hata unywele. Hicho ndicho kipimo. Mama Pasi alikifunga chake mkononi. Mimi nilipewa changu nikiwa na miaka kumi na miwili, nikakiweka ndani ya mkebe wa vifungo, na kwa miaka ishirini mkebe ule haukutoka mbele yangu.

Siku wifi aliporuhusiwa kuingia kazini, mama alikuwa mlangoni na mteja. Akaniambia bila kugeuka nimpe kipimo na nimwelekeze. Kukata utepe ni kazi ya dakika moja. Nilimpeleka chumba cha nyuma, nikamwonyesha vitambaa, mkasi na chaki, nikamwambia mraba ni shibiri tatu kwa tatu. Aliunyoosha mkono wake juu ya kitambaa. Ulikuwa mkono mrefu, wenye vidole vyembamba visivyo na haraka.

"Shibiri ya nani, wifi?" akaniuliza.

"Shibiri ni shibiri," nikamjibu, nikatoka.

Sitasingizia kwamba nilisahau. Siku tatu kabla ya hapo mama alikuwa ameokota kanzu ambayo wifi aliipinda ukingo nyumbani, kazi ya kupitisha muda tu. Akaipitisha vidoleni mwake, akasema, "Huyu ana mkono." Hakuongeza neno. Nilikuwa nimeshona mbele ya macho ya mwanamke yule tangu miguu yangu haijafika kwenye kanyagio la cherehani, na neno hilo sikuwahi kulisikia likielekezwa kwangu. Lilinikata maini. Usiku ule na uliofuata nilikuwa nikijigeuza kitandani nikilitafuna.

Na nilijua vizuri kilichokuwa mezani. Wifi alikuwa na miaka minne kwa kaka yangu. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, ya pili ikiwa na miezi sita. Baada ya ile ya pili mama alianza kusema kwamba nyumba ile haiwezi kulisha mtu asiye na mtoto wala kazi, na kwamba watu wa kwao wangefurahi kumpokea akapumzike. Sote tulijua kupumzika huko hakuna kurudi. Mfarishi ule ndio uliokuwa mtihani wake. Ukikubalika, anabaki. Kaka yangu naye alikuwa fundi wa vigae, mtu wa kupima hadi unene wa kucha, anayeweza kurudia ukuta mzima kwa kigae kimoja kilichopinda. Lakini mbele ya mama alikuwa hana hata futi ya neno. Aliniomba nimsaidie mkewe. Aliniomba hivyo hivyo, akiwa anafunga kamba za viatu ili asiniangalie, nami nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Basi tukawa tumesimama kuizunguka ile miraba, tukingoja mama aseme wifi arudi kwao. Hakusema hivyo. Alivaa viatu vyake taratibu, akaokota mraba mmoja kati ya ile minne, akaukunjua mbele ya kifua chake.

"Huu unamtosha mtoto mchanga," akasema. "Mraba mmoja, mtoto mmoja. Tia pamba, tia bitana. Utashona wewe, maana wewe ndiye mwenye nafasi. Hakuna anayekulilia nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Mama Pasi alisahau pasi juu ya kitambaa mpaka tukasikia harufu. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi miwili ambayo sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa mama, maana mume wangu alikuwa dereva wa masafa marefu na ujauzito wangu ningeulea pale pale. Nilihisi aibu ikinipanda hadi masikioni. Nilikuwa na utepe umbali wa hatua sita, ndani ya mkebe. Ningeutoa, mambo yangeisha. Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Miraba minne ya harusi tukaishona upya sisi, na ile minne mikubwa ikawa mifarishi minne midogo. Haikupita wiki mbili kabla watu hawajaanza kuiulizia. Mfarishi wa mtoto kwa kawaida hujaa vipande vidogo vidogo hadi macho yanachoka. Huu wa wifi ulikuwa nyota moja tu, kubwa kuliko ilivyotegemewa, ikimeza shuka zima, ncha zake zikikaribia kutoka nje. Mtoto akilazwa pale anaonekana amewekwa katikati ya jambo. Mama akaona biashara. Akamwagiza wifi aongeze, shibiri nne kwa nne sasa, na kwa shibiri hiyo hiyo yake ndefu. "Mkono mrefu umepata kazi ya halali," akasema, na hapo watu walicheka, maana kila mtu anajua mwenye mkono mrefu ni nani.

Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yote. Sikuwa nimemjua mama yangu. Alianzisha utaratibu kwamba mzazi akija kuchukua mfarishi aje na mtoto wake, na wifi ndiye amfunike, pale pale barazani, mbele ya watu. "Mpeni huyu," alikuwa akiwaambia. "Mikono yake inatosha watoto wawili." Wifi alikuwa anampokea mtoto, anamlaza juu ya nyota, anakunja pembe ya chini, ya kushoto, ya kulia, kisha anamrudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili na kumtakia afya. Nilimwangalia akifanya hivyo mara tisa, mara kumi, mara kumi na tano. Mara moja tu, mtoto mmoja alimshika kidole akakataa kukiachia, na mama mtu akacheka, na mama yangu akasema si vizuri kumzoesha mtoto vitu vya kuazima.

Tumbo langu likaanza kuonekana. Wifi ndiye aliyeniletea kiti chenye mgongo. Ndiye aliyenichotea maji. Kama ni kunikomoa, aliniweza, maana kila wema wake ulinikaa kooni.

Siku moja alihitaji kifungo cha mfupa akaja kwenye meza yangu. Nilikuwa barazani. Niliporudi nikakuta mkebe uko wazi, naye amesimama ameunyoosha ule utepe mweupe juu ya kiganja chake. Uliishia kwenye kiungo cha kwanza cha kidole cha mwisho.

"Hiki ndicho cha mama?" akauliza.

"Ndicho."

"Siku ile ulikuwa nacho?"

Nilitaka kusema nilikipata baadaye. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umevaa na viatu.

"Nilikuwa nacho," nikasema.

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo tayari aliikisia. Akaukunja utepe mara mbili, akaurudisha chini ya vifungo, akafunga mkebe na kuhakikisha umefunga. Kisha akachagua kifungo chake akaenda.

Wiki nzima nilingoja amwambie mama, au kaka, au hata Mama Pasi, ambaye kumwambia yeye ni sawa na kubandika tangazo. Hakumwambia mtu. Wala hakuomba utepe. Aliendelea kukata kwa mkono wake, na jioni alinitakia usiku mwema kama kawaida. Nilianza kumchukia kwa namna mpya, chuki ya mtu anayedaiwa na asiyedai.

Nilipofika mwezi wa nane mama aliamua. Tulikuwa tunakula mchana, kaka yangu naye yupo, kwa kuwa siku hiyo vigae vilikuwa havijafika kazini kwake. Mama alisema, kwa sauti ile ile ya kuagiza uzi, kwamba mtoto anakuja nyumbani na si vema awe chini ya dari moja na mtu ambaye mimba zinamkataa. Ampeleke mkewe kwao akapumzike. Kaka alikuwa anaangalia sakafu, vile vigae alivyovipanga yeye mwenyewe, vilivyonyooka bila kosa. Mama akauliza kama kuna mwenye neno.

Wifi aliniangalia. Hakuwa ananisihi. Alitaka tu kuona.

Nikaomba nisogezewe chumvi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisogezea. Kesho yake asubuhi alikuja kiwandani kumaliza mfarishi wa mwisho, nao ulikuwa wangu. Alikuwa ameutengeneza kwa kitambaa cha rangi ya maziwa katikati, nyota yake ya buluu iliyokolea. Mama aliupitisha vidoleni akitafuta mishono iliyolegea, asione kitu, maana macho yake yalikuwa yameanza kufifia na miwani aliikataa. Akasema umefaa. Wifi akaukunja, akanipa kwa mikono miwili kama alivyokuwa akiwapa wale wengine.

"Mara ya kwanza ufue kwa maji ya moto," akaniambia. "Pamba inywee. Wengine wote nimewaambia hivyo hivyo."

Kaka alimbebea sanduku. Alirudi jioni peke yake, akaenda moja kwa moja chumbani, na tangu siku hiyo akila huwa anakula akiwa ametugeuzia mgongo.

Nilijifungua mtoto wa kike. Kwa majuma matatu mfarishi ulikaa umekunjwa kabatini, nikijiambia ni mzuri mno kuchafuliwa. Mtoto wangu alikuwa mlizi. Alikataa blanketi, alikataa kanga, alikataa kifua changu. Siku moja kwa kukata tamaa nikamlaza juu ya ile nyota, akanyamaza. Akauchafua, bila shaka. Nikachemsha maji nikaufua, nikauanika uani mchana wa jua kali.

Nilipokwenda kuuanua niliona kitambaa cha katikati kimejikunja. Kila fundi anajua jambo hili. Kitambaa na pamba vikinywea, uzi haunywei, na pale uzi ulipopita panazama huku pembeni pakivimba. Mishono ambayo ilikuwa haionekani, uzi wa maziwa juu ya kitambaa cha maziwa, ilikuwa imejitokeza yote. Ulikuwa mkono. Mkono mmoja uliokunjuliwa, kidole gumba huku, kidole cha mwisho kule, vidole virefu vyembamba, na kila kiungo na mstari wake. Mkono wa mtu anayepima shibiri.

Niliuangalia mpaka jua likaniumiza shingo. Nikauingiza ndani, nikamlaza mtoto. Mgongo wake ulijaa kiganjani.

Haukuwa wangu peke yangu. Ndani ya mwezi ule wanawake, ambao walikwisha kuuona kwenye mifarishi yao na sasa wamelinganisha, wakaanza kupita barazani, mmoja mmoja, wakiwa na mifarishi yao mabegani. Hawakuja kulalamika. Walikuja kuuliza mkono ule ni wa nani. Mmoja alisema mtoto wake hulala kiganjani tu, ukimsogeza anajirudisha. Mwingine alidhani ni alama ya kiwanda chetu, akatupongeza. Wote walimkumbuka yule dada mrefu aliyewafunikia watoto na wakataka kujua yuko wapi. Mama aliwajibu anapumzika. Wakaenda, na hakuna aliyekubali kuuacha wa kwake hata alipoahidiwa mpya bure.

Siku ya yule wa kumi au wa kumi na moja, mama alifunga mlango wa mbele kabla ya saa ya kufunga. Akawaruhusu wengine waende. Akaja chumba cha nyuma, ambako sasa nilikuwa nikifanyia kazi, akautoa mfarishi chini ya mtoto aliyelala, akamweka mtoto juu ya meza kwenye vitambaa. Akauinamia karibu kabisa, kwa macho yale aliyobaki nayo. Kisha akauweka mkono wake juu ya ule mkono.

Ulimezwa. Kila upande kulibaki nafasi, kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Akakinyoosha kidole gumba, akakivuta kidole cha mwisho hadi mishipa ikamtoka. Haukufika.

"Shibiri hii ya nani?" akauliza, ingawa alijua.

Nikaona hapo ndipo. Kama sikusema siku ya miraba, wala siku ya chumvi, basi nitasema leo, yote, aniue akitaka.

"Mama, sikumpa kipimo," nikasema. "Uliniambia nimpe, sikumpa. Aliniuliza shibiri ya nani nikamwambia shibiri ni shibiri. Kosa halikuwa lake."

Hakuuondoa mkono wake.

"Najua," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilijua siku ile ile. Ulicheka kabla sijamaliza kusema." Aliendelea kuuangalia ule mkono chini ya mkono wake. "Nilikuwa natafuta sababu na sikuwa nayo. Ukanipa."

Mtoto alianza kujinyoosha juu ya meza.

"Yule alikuwa na mkono," mama akasema. "Wewe una roho yangu."

Alilisema kwa upole. Ndilo neno zuri zaidi alilowahi kunipa, na alinipa kama anavyowapa wateja wake wakubwa, bila kuangalia pembeni. Miaka ishirini niliyokuwa nimelingoja ikaja yote kwa mpigo, nikaona aibu jinsi sehemu fulani ya moyo wangu ilivyofurahi. Kisha akavuta droo, akachukua kile kisu kidogo cha kufumulia, akakiweka juu ya nyota. Akaniambia nifumue mkono ule kabla ya kesho, na baada ya hapo nianze kuwatembelea wale wanawake nyumba kwa nyumba nifumue na ya kwao, kwa kuwa mimi watanifungulia. Akatoka. Nilimsikia akifunga mlango wa mbele.

Nilikaa na kisu mkononi. Kufumua si kazi ngumu. Unatafuta fundo, unalikata, unavuta, na uzi unakuja wenyewe. Nilianza kwenye kidole gumba nikakuta hakuna fundo. Nikafuata mshono hadi kwenye ncha, nikashuka, nikapanda kidole cha pili. Nikapitisha ukucha mshono kwa mshono hadi kidole cha mwisho na kurudi kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa ameushona wote kwa uzi mmoja, na mwanzo na mwisho wake ameuzamisha ndani ya pamba, mahali ambapo anapajua yeye peke yake. Ningeweza kukata popote, bila shaka. Lakini nilitaka kupata pale alipoanzia.

Mtoto akaamka, akalia kile kilio chake cha kukataa kila kitu. Nilimbeba, nikamtikisa, nikamweka kifuani, akanisukuma. Mwishowe nikakiondoa kisu, nikamlaza pale anapopataka, akavuta pumzi mara mbili akanyamaza. Nikauingiza mkono wangu chini ya mgongo wake, kati ya vidole vile, nikaendelea kutafuta.